Msamaha wa Kwenye Kipaza Sauti

Jumapili ile seremala alitoka nyumbani kwake kwenda ibadani akiwa na amani tele, na aliporudi mchana alikuwa amevuruga nyumba mbili. Kilichomponza ni kusamehe.

Watu walimwita Pimamaji, jina la kile chombo ambacho mafundi hulaza juu ya ubao kuona kama umekaa sawa. Lilimfaa. Shati lake lilikuwa limechomekewa hata akiwa katikati ya vumbi la mbao, na maneno yake yalikuwa machache, kila moja limekatwa kwa kipimo. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, ingawa umri wenyewe haukuwa wa uzee. Kazi yake ilikuwa safi na hakuwa na deni la ahadi kwa mteja. Kasoro yake alikuwa akiijua mkewe peke yake: mtu huyu alikuwa bingwa wa kununa. Akiudhiwa hasemi. Jambo lenyewe analifungia moyoni, na mara kwa mara analichungulia kuona kama bado lina moto.

Na moyoni mwake kulikuwa na jambo la tangu mwaka juzi.

Mwaka juzi Askofu alikuja kulitembelea kanisa lao, na Pimamaji akaombwa atengeneze kiti cha mgeni. Alikitengeneza kwa roho yake yote. Kilikuwa na mgongo mrefu, mikono iliyochongwa majani ya mzabibu, na miguu iliyopigwa msasa na vanishi mpaka ukaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Siku yenyewe ikafika. Askofu, ambaye Mungu hakumnyima mwili, akawabariki watu, akageuka, akakaa. Kiti kikalia kraa. Askofu akaanza kushuka polepole, kama mtu anayetafakari, mpaka mgongo wake ukawa sakafuni, miguu yake ikawa hewani, na kofia yake ikabingirika hadi kwenye viatu vya wanakwaya.

Kanisa zima likabana pumzi. Katikati ya ukimya ule kikapasuka kicheko kimoja.

Hakuna aliyeuliza ni cha nani. Kilikuwa kicheko cha msusi, mdogo wake mke wa Pimamaji, mwenye saluni iliyoshikana ukuta na karakana ya shemeji yake. Kicheko chake kilikuwa na desturi yake: kinaanzia chini, kinapanda ngazi, kinaishiwa pumzi huko juu, halafu kinarudi chini kuanza upya. Baada ya hapo nani angejizuia? Kwaya ikacheka. Wazee wakacheka. Askofu mwenyewe, kabla hata hajainuliwa, alicheka mpaka akaomba kitambaa cha kufutia machozi. Ibada ikaendelea kwa furaha kubwa, na kiti kikatolewa kwa mlango wa nyuma kwa vipande.

Wengine walilisahau jambo hilo kabla ya kufika kwao. Pimamaji hakulisahau. Kuanzia siku ile shemeji yake akimsalimia, anaitikia huku amekunja uso. Shemeji akija kumtembelea dada yake, yeye anakumbuka ghafla kuna ubao karakanani unahitaji kupigwa randa. Alimnunia kwa bidii, asubuhi na jioni, mvua na jua, na aliamini kabisa kwamba mwenzake anaona, anajua, na anaumia ipasavyo.

Sasa Jumapili hiyo Mchungaji alihubiri juu ya kupatana. Akasema Bwana Yesu alifundisha kwamba mtu akiwa amesimama na sadaka yake mbele ya madhabahu, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo hapo, aende kwanza akapatane na nduguye. Pimamaji alisikia kifua kinapata joto. Aliona ni yeye anayesemwa. Na kwa kweli ni yeye aliyesemwa, ila aliikamata habari yenyewe kwa upande usio wa mpini.

Ulipofika wakati wa shuhuda, alitembea mpaka mbele, akachukua kipaza sauti.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Ndugu zangu, leo Neno limenichoma. Humu ndani yumo mtu aliyenitendea jambo. Jambo zito. Nimelibeba muda mrefu, kimya kimya, Mungu ndiye shahidi. Sitalitaja, maana kusamehe ni kufunika. Ila leo natamka mbele yenu nyote: nimemsamehe shemeji yangu, yule pale, kwa yote aliyonitendea."

"Haleluya!" walishangilia watu, na papo hapo vichwa vyote vikageuka.

Msusi alikuwa ameinama akitafuta peremende kwenye mkoba. Aliinua uso, akakuta kanisa zima linamtazama. Akajigusa kifua.

"Mimi?"

Pimamaji alimtikisia kichwa kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa asijichoshe kwa kusema, kisha akarudi kukaa. Alijisikia mwepesi ajabu. Nje, baada ya ibada, watu walimshika mkono kwa namna ya pekee. Bibi mmoja alimvuta pembeni, akamnong'oneza, "Pole, baba. Wanaume wa Mungu hujaribiwa sana." Pimamaji akajibu amina, na akawa amefika nusu ya njia ya nyumbani kabla hajaanza kujiuliza yule bibi alikuwa na maana gani.

Maana aliipata mezani.

Mkewe alimwekea sahani kwa kishindo, akabaki amesimama. "Mdogo wangu alikutendea nini?"

"Nilishasamehe, mke wangu."

"Sijauliza kama umesamehe. Hilo nimelisikia, na mtaa mzima umelisikia, spika ziko mpaka nje. Nauliza alikutendea nini. Jambo zito. Yote aliyokutendea. Lini? Wapi? Alikufuata karakanani?"

Tonge lilimkwama Pimamaji kooni. Alikohoa, akanywa maji, akakohoa tena. "Hapana! Si jambo la namna hiyo!"

"Ni la namna gani?"

Alifungua kinywa aseme kwamba alicheka. Lakini neno lilipofika kwenye ulimi, alilipima, akaliona dogo. Dogo mno. Mtu hawezi kwenda kwenye kipaza sauti kwa ajili ya neno la ukubwa ule. Akalimeza.

"Ni mambo ya kiroho," alisema.

"Aha," alisema mkewe. "Ya kiroho." Na kuanzia hapo hakumwita tena mume wangu. Alimwita mzee wa kanisa. "Mzee wa kanisa, maji ya kuoga tayari. Mzee wa kanisa, umeacha taa inawaka."

Jumatatu asubuhi alikuwa akipiga randa ubao, mlango wa karakana ukasukumwa. Aliingia msusi, kitana mkononi. Nyuma yake aliingia mteja aliyesukwa upande mmoja wa kichwa, upande wa pili nywele zimesimama wima. Alikuwa amekataa kuachwa saluni peke yake wakati mambo yanafanyika huku.

"Habari za asubuhi, shemeji. Nimekuja kuchukua dhambi yangu."

"Dhambi gani?"

"Hiyo uliyonisamehe. Nipe niione. Watu wananiuliza tangu jana na sina jibu. Kuna aliyenipa pole, kuna aliyenipa mgongo. Sasa na mimi nataka kujua nilifanya nini."

Pimamaji aliweka randa chini, akajifuta mikono taratibu. "Shemeji, mtu akisamehe, anasahau. Mimi nimeshasahau."

"Umesahau?"

"Kabisa."

"Basi kumbuka!"

Mteja akatikisa kichwa kuunga mkono.

"Siwezi kufukua kaburi," alisema Pimamaji.

"Kaburi la nani? Kwani nimeua?"

"Wewe mwenyewe unajua."

"Ningekuwa najua ningeacha kichwa cha watu nusu nikaja kukuuliza?" Msusi alishusha kitana. "Shemeji, jana nimempigia dada simu, hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Dada aliyenibeba mgongoni! Mama alipofariki ni yeye aliyenivika viatu nikaenda shule. Sijawahi kumpigia akaniacha hewani. Sasa sikia. Huo msamaha wako nakurudishia. Siutaki. Katafute mwingine umpe."

Akatoka. Mteja alibaki nyuma kidogo, akasogea karibu na seremala. "Mzee, hata mimi huniambii? Mimi sisemi kwa mtu."

Wiki ile habari ilitembea bila viatu. Kuna waliosema msusi alimsengenya shemeji yake kwa wakubwa wa kanisa. Kuna waliosema alimtilia kitu kwenye chai. Na kuna waliosema lile jambo lisilosemwa, na hao ndio waliopata wasikilizaji wengi. Saluni ikajaa. Wanawake ambao nywele zao hazikuwa na shida yoyote walikuja kukaa kwenye benchi, wakaangalia, wakanong'ona, wakaondoka bila kusukwa.

Karakanani Pimamaji alifanya kazi, lakini kazi haikwenda. Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Siku zote alikuwa akisikia kila kitu cha upande wa pili, redio, soga, vijembe, na kile kicheko kikipanda ngazi zake mara kumi kwa siku. Miaka miwili alikuwa akikichukia. Akikisikia anapiga nyundo kwa nguvu zaidi. Sasa ilifika Jumanne, ikafika Jumatano, na ukuta ulikuwa kimya. Alijikuta amesimama na msumari mdomoni, anasikiliza. Mara moja alisikia mtu anapenga kamasi, mara ya pili vilevile, na akatambua kwamba huyo hakuwa na mafua.

Hapo ndipo kitu kilipomgusa mahali ambapo mahubiri hayakuwa yamefika.

Alhamisi Mchungaji alimwita ofisini, chumba kidogo nyuma ya kanisa kilichojaa viti vya plastiki vilivyopandana mpaka dirishani. Mchungaji alikuwa mtu mwembamba, mpole, na siku hiyo alionekana hajalala vizuri.

"Mzee, simu yangu haipumui kwa sababu yako. Naomba uniambie, na hapa hakuna kipaza sauti. Shemeji yako alikutendea nini?"

Pimamaji alitazama viatu vyake. "Alicheka."

"Alicheka."

"Siku ya Askofu."

"Siku ya Askofu," alirudia Mchungaji. Kisha uso wake ukabadilika. "Siku ya kiti?"

"Siku ya kiti."

Mchungaji alizungusha kiti chake taratibu, akatazama ukutani. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mchungaji, unalia?"

"Nivumilie kidogo, Mzee."

Alipogeuka macho yalikuwa mekundu. "Ngoja na mimi niungame kwako. Siku ile nilicheka. Nilijifunika kitabu cha nyimbo usoni, nikakiuma kabisa, mpaka leo kina alama za meno. Mbona mimi hukunisamehe?"

"Wewe sikukusikia."

"Kwa hiyo kosa la shemeji yako ni kusikika?"

Pimamaji alipangusa vumbi la mbao magotini. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mzee wa kanisa hata kidogo, "Mchungaji, kile kiti, kabla sijakileta, mtu wa kwanza kukiona ni yeye. Alikizunguka, akakipapasa, akaniambia, shemeji, kiti hiki kitazungumzwa."

"Na kikazungumzwa," alisema Mchungaji, akajuta papo hapo. "Samahani. Endelea."

"Watu wengine wakinicheka, hao ni watu tu. Yeye ni wetu. Niliona amenigeuka. Iliniuma."

Kicheko kilitoweka usoni mwa Mchungaji. Alisogeza kiti karibu. "Hilo nalielewa. Na ungemwambia siku ile ile kwamba imekuuma?"

"Angeniomba radhi."

"Na?"

"Na yangeisha."

"Sasa nikuulize. Jumapili nilisema nani ana neno juu ya nani? Wewe juu ya ndugu yako, au ndugu yako juu yako?"

Pimamaji aliwaza. Masikio yakaanza kuwaka. "Ndugu yangu juu yangu."

"Na nilisema uende wapi?"

"Kwa ndugu yangu."

"Sikusema uende kwenye kipaza sauti. Mzee, nakuheshimu, kwa hiyo nakuambia bila kupaka mafuta. Ule haukuwa msamaha. Lilikuwa rungu. Ulimpiga nalo mbele ya watu, halafu ukasema Bwana asifiwe."

Pimamaji aligeuza uso dirishani. Nje mtu alikuwa akifagia uwanja. "Nifanye nini?"

"Nenda kwake. Kisha mkeo. Na kwa kuwa ulimchafua mbele ya kanisa, umsafishe mbele ya kanisa."

"Niseme kwamba alicheka?"

"Useme kwamba alicheka."

"Watanicheka, Mchungaji."

"Watakucheka sana," alisema Mchungaji, maana hakuwa mtu wa kudanganya.

Jumamosi Pimamaji alichomekea shati lake la ibada, akatoka karakanani, akageuka upande wa pili wa ukuta, akaingia saluni. Hakuwahi kukanyaga mle ndani. Palikuwa na joto, harufu ya mafuta ya nywele, na macho. Macho mengi. Mwanamke aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele aliinyanyua kidogo ili asipitwe.

"Shemeji, naomba tuzungumze nje," alisema Pimamaji.

Msusi hakugeuka. "Nje? Uliponisamehe ulinitoa nje?"

Pimamaji alisogea hatua moja ndani.

"Kama una shida, foleni hiyo hapo," alisema msusi, akanyoosha kitana kuelekea benchi.

Pimamaji akakaa kwenye foleni. Alibanwa katikati ya wanawake wawili waliojaa benchi vizuri, akapewa gazeti la mitindo, akalisoma bila kuona kwamba amelishika juu chini. Mteja wa kwanza alihudumiwa, akatoka. Wa pili naye alihudumiwa, ila hakwenda popote, alisimama mlangoni. Hatimaye msusi akapiga kiganja kwenye kiti kilichoelekea kioo. "Kaa."

Alikaa. Kwa mazoea ya mkono tu, msusi alimfunga kitambaa shingoni. Kwa hiyo Pimamaji aliomba radhi akiwa amefungwa kama anayenyolewa, akizungumza na shemeji yake kwa kupitia kioo.

"Shemeji, nimekuja kuomba unisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa kukusamehe."

Mtu alizima redio.

"Endelea," alisema msusi.

"Nilikusamehe mbele za watu jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Nikakuacha na jina baya, na dada yako nikamwacha na mawazo mabaya, na mimi nikarudi kukaa nikijiona mtakatifu. Halikuwa jambo la aibu. Nalisema hapa mbele ya wote. Ulicheka."

"Nilicheka?"

"Siku ya kiti cha Askofu."

Kitana kilisimama hewani. Kwenye kioo Pimamaji aliuona uso wa shemeji yake ukitafuta, ukitafuta, na ukipata.

"Kile kiti..."

"Ndiyo."

"Miguu ikawa juu..."

"Ndiyo, shemeji."

"Kofia ikaenda mpaka..." Pua zilianza kumpanuka. Aliuma midomo. Alitazama dari, akatazama chini, akashika mgongo wa kiti. "Shemeji," alisema kwa sauti nyembamba kabisa, "naomba unisamehe sasa hivi, upesi, maana nakiona kinakuja."

Na kikaja. Kilianzia chini, kikapanda, kikakata pumzi, kikashuka kuchukua wengine. Saluni yote ikaangua. Pimamaji alijiona kwenye kioo, mtu mzima na kitambaa chake shingoni, amekaza uso katikati ya wanawake wanaogaragara, na alipojiona hivyo upande mmoja wa mdomo ukamsaliti. Kisha na wa pili.

Kilipotulia, msusi alijifuta machozi kwa pindo la aproni. "Kwa hiyo tangu siku ile? Ndiyo maana ulikuwa unakunja uso kila nikikusalimia?"

"Ndiyo."

"Jamani! Mimi nilijua una vidonda vya tumbo!"

"Vidonda?"

"Nikamwambia dada asikupikie vitu vya pilipili. Tena tumekuombea! Kikundi chetu cha akina mama, kila Jumatano, tumbo lako limo. Nimefunga mara mbili kwa ajili ya tumbo lako, shemeji, na mimi nikifunga kichwa kinanigonga mpaka naona nyota."

"Hata Jumatano hii tumeliombea," ilisema sauti kutoka chini ya mashine.

Wengine walianza kucheka tena, lakini Pimamaji hakucheka. Aliinamisha kichwa. Muda wote ule yeye alikuwa akichochea moto wake gizani, na upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa amepiga magoti kwa ajili yake. Alitamani ardhi impokee kwa heshima.

Msusi alimzungusha kiti wakatazamana bila kioo. Uso wake ulikuwa umetulia. "Kucheka nilicheka. Nilimwona Askofu, sikukuona wewe. Nilipaswa kukuona wewe, maana nilijua ulivyokihangaikia kile kiti. Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe."

"Kweli, au ule wa kanisani?"

"Kweli."

"Haya. Na hili lako." Akaweka kitana mezani. "Nimekusikia. Nimefurahi umekuja, tena umekaa foleni. Ila dada yangu ameniangalia wiki nzima kama mtu wa barabarani. Sitakudanganya nikakuambia limeisha wakati bado linauma. Nipe nafasi."

"Nitangoja."

"Ungoje bila kununa."

"Bila kununa," aliahidi Pimamaji, akasimama, akawa amefika kwenye karakana yake kabla hajagundua kwamba bado amevaa kitambaa.

Nyumbani mambo hayakuwa ya mchezo vile. Mkewe alikuwa akichambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka sinia chini.

"Alicheka. Basi?"

"Basi."

"Wiki nzima nimemfikiria mtoto wa mama yangu mambo ambayo hata siwezi kuyataja, kumbe alicheka? Wewe baba, hata mimi nilicheka siku ile!"

"Na wewe?"

"Nilikuwa nimekaa ubavuni mwako, nikajifanya nakohoa! Ukanipa mpaka maji!"

Alipomaliza kufoka alianza kulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Pimamaji alimwomba radhi akiwa amesimama, akamwomba akiwa amechuchumaa, na mkewe akamwambia atasikiliza vizuri akirudi. Akajitupia khanga mabegani, akatoka kwenda kwa mdogo wake bila hata kubadili viatu. Huko walizungumza nini, Pimamaji hakujua wala hakuambiwa. Ila mke alirudi jioni macho yamevimba na nywele zimesukwa upya, na alipopita sebuleni alisema, "Mume wangu, umekula?" Hakuwa amekula. Mchele ulikuwa bado kwenye sinia.

Jumapili, wakati wa shuhuda, Pimamaji aliponyanyuka, Mchungaji alikishika kipaza sauti sekunde kadhaa zaidi ya kawaida kabla ya kukiachia.

"Bwana asifiwe. Jumapili iliyopita nilisema hapa kwamba shemeji yangu alinitendea jambo zito. Ndugu zangu, nilidanganya. Alicheka kiti changu kilipovunjika na Askofu. Ni hilo tu. Hakuna jingine, na aliyesema kuna jingine nimemponza mimi. Mimi ndiye niliyekosa, kwa kununa miaka miwili, na kwa kumwaibisha mtu asiye na hatia nikiita ni msamaha. Nimekwenda kwake na kwa mke wangu. Nanyi naomba mnisamehe."

Watu walitazamana. Kisha mtu wa kiti cha nyuma alipiga chafya ambayo haikuwa chafya, na kanisa likaporomoka. Walikicheka kile kiti, walimcheka yeye, walizicheka dhana zao za wiki nzima. Pimamaji alisimama pale pale akachekwa. Hakukimbia, na alishangaa kuona kwamba mtu anaweza kuchekwa na bado akabaki na miguu yake miwili.

Msusi ndiye ambaye hakucheka. Alitoka kwenye mstari wake, akaja mbele, akachukua kipaza sauti.

"Mimi na huyu bado tuna kidonda kidogo, tunakitibu wenyewe, hatuhitaji wauguzi. Lakini ni shemeji yangu. Atakayeendelea na yale maneno ya wiki hii, ajue kwamba kichwa chake atakileta kwangu siku moja, na mkono wangu ukitaka kuvuta unavuta." Watu wakapiga makofi. "Na akina mama wa Jumatano, tumbo la mzee ni zima. Tumwombee mambo mengine."

Hayakuisha siku hiyo. Kuna siku walisalimiana vizuri, kuna siku msusi alimpita kimyakimya, na Pimamaji akajilazimisha kutolihesabu. Bibi yule wa majaribu alichukua muda mrefu zaidi ya wote kuamini, kwa sababu aliipenda habari ya kwanza.

Mvua zilipoanza, mlango wa saluni ulivimba ukawa haufungi, na msusi akamwita shemeji yake. Alikuja na bawaba mpya na bisibisi. Akashauri mlango ugeuzwe ufungukie nje. Msusi akasema ufungukie ndani kama ulivyokuwa. Wakabishana. Mwisho msusi akasema, "Shemeji, mlango ni wangu au ni wako? Wewe fundi, piga skrubu."

Pimamaji alisikia kile kitu cha zamani kinajikunja kifuani, kinatafuta pa kukaa. Aliinamia kisanduku cha vifaa, akanyanyuka.

"Shemeji, hilo neno limeniudhi."

Msusi alimkodolea macho. "Limekuudhi?"

"Limeniudhi. Mimi nashauri, sikuamuru."

"Basi pole. Nimeteleza." Akamtazama tena. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu," alisema Pimamaji, na yeye mwenyewe akashangaa.

Waliunyanyua mlango pamoja, yeye upande wa bawaba, msusi upande wa kitasa, mguu wake amepachika chini kuuzuia usishuke. Mlango ulikuwa mzito kwa maji ya mvua. Alipokuwa akiingiza skrubu ya kwanza, msusi akasema kwa nyuma ya ubao, "Lile jambo letu, shemeji. Juzi nilikuwa naosha vitana, nikalitafuta, sikulikuta."

Bisibisi ilisimama. "Mbona hukuniambia?"

"Si nakuambia? Kaza bwana, mikono inaniuma."

"Inua kidogo."

"Hapo?"

"Zaidi kidogo. Hapo hapo, usiachie."